Dawa za usingizi za kuvuta kwa watoto na wanyama: kasi peke yake haitoshi

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari zenu.

Uzi huu ni wa wote wanaolaza wagonjwa kwa dawa ya kuvuta, awe mtoto wa miaka mitatu au mbwa wa kilo thelathini. Wazazi na wafugaji nao wasome, maana anayekabidhi mgonjwa mlangoni ana haki ya kujua kinachofanyika ndani.

Kilichonisukuma kuandika ni mjadala ninaokutana nao kila mara. Watu wanafungua jedwali, wanatazama dawa ipi inayeyuka kidogo kwenye damu, basi wanaitangaza kuwa bora. Jedwali lile ni la kweli, ila linajibu swali moja tu, la kasi. Mtoto ataipokeaje barakoa, farasi atasimamaje akizinduka, hayo hayamo.

Tuanze na kasi yenyewe. Usingizi unakuja pale mgandamizo wa dawa kwenye ubongo unapofikia kiwango fulani, na ubongo hufuata mapafu. Dawa inayoyeyuka sana kwenye damu huondolewa mapafuni kila inapoingia, kwa hiyo mapafu yanachelewa kujaa na mgonjwa anachelewa kulala. Uwiano wa damu kwa hewa, yaani dawa inavyoyeyuka kwenye damu ikilinganishwa na inayobaki hewani, kwa halotheni ni takriban 2.4, isoflureni 1.4, sevoflureni 0.65, nitrasi oksaidi 0.47, desflureni 0.42. Kwa hesabu hiyo desflureni ingekuwa ya kwanza kwa kila mtoto.

Jaribu kumwekea mtoto aliye macho barakoa yenye desflureni uone. Anakohoa, anazuia pumzi, mate yanajaa, kisha zoloto, mlango wa njia ya hewa kooni, linajifunga na hewa haipiti kabisa. Walipoijaribu kwa watoto, karibu nusu walipata mbano wa zoloto wa wastani au mkali, na maelezo rasmi ya dawa hiyo hayaruhusu kuanzishia usingizi wa watoto. Isoflureni nayo ina harufu kali inayowasha njia ya hewa, ingawa si kwa kiwango hicho. Kwa hiyo kwenye barakoa ya mtoto zinabaki mbili: halotheni na sevoflureni.

Halotheni ilitengenezwa na Charles Suckling wa kampuni ya ICI, Uingereza, mwaka 1951, na Michael Johnstone akaanza kuitumia kwa wagonjwa Manchester mwaka 1956. Kabla yake palikuwa na etha, inayowaka moto na kumfanya mgonjwa atapike sana, na kloroformu iliyosimamisha mioyo. Halotheni haiwaki, harufu yake ni tamu kidogo, mtoto anaivuta bila kupigana. Haishangazi kwamba ilitawala chumba cha watoto kwa miongo kadhaa. Ubaya wake uko kwenye moyo: inapunguza nguvu ya msuli na kushusha mapigo, hasa kwa mtoto mchanga, tena inaufanya moyo uwe mwepesi kuvurugika ukikutana na adrenalini. Daktari wa upasuaji akichoma ganzi yenye adrenalini wakati mtoto yuko kwenye halotheni nzito, angalia mashine ya moyo, usiangalie kingine. Halafu kuna ini. Takriban asilimia 20 ya halotheni huvunjwavunjwa mwilini, na kwa wachache mabaki yake huchochea kinga ya mwili kushambulia ini. Kwa watoto ni nadra kuliko kwa watu wazima, lakini ipo.

Sevoflureni iliingia sokoni Japani mwaka 1990 na Marekani mwaka 1995. Haiwashi koo, inaingia haraka, na moyo unaivumilia vizuri zaidi. Kinachovunjwa mwilini ni kama asilimia 3 hadi 5.

Kuna jambo moja ambalo walimu wengi hawalisemi vya kutosha. MAC ni kiwango cha dawa mapafuni ambacho nusu ya wagonjwa hawatikisiki ngozi ikikatwa. Kwa mtoto, MAC ya halotheni ni karibu 1%, na vepoiza yake, yaani kifaa kinachogeuza dawa kuwa mvuke na kuipima, inafika 5%. Hapo unaweza kumpa mtoto mara tano ya kipimo. MAC ya sevoflureni kwa mtoto ni 2.5% na vepoiza inaishia 8%, yaani mara tatu na kidogo. Sehemu kubwa ya usalama wa sevoflureni inatokana na pale kitufe kinapogota. Ukiwa na halotheni, kitufe kikabaki juu na wewe umeanza kumpumulisha mtoto kwa mkono, moyo unazama kimya kimya. Mtoto anayepumua mwenyewe anajikinga, kwa sababu usingizi ukizidi pumzi yake inapungua na dawa inaingia kidogo. Ukishika mfuko wa hewa, kinga hiyo umeiondoa.

Kingine, mtoto mchanga hulala upesi kuliko mtu mzima kwa dawa ileile. Hewa inayopita kwenye mapafu yake kwa dakika ni kama mara tano ya hewa inayobaki akishatoa pumzi. Kwa mtu mzima ni kama mara moja na nusu.

#2 Mchangiaji, mwanafunzi wa usingizi

Asante sana mkuu. Naomba ueleze mtoto anavyoingia usingizini hatua kwa hatua. Sisi tunaambiwa "subiri atulie", lakini kutulia kwenyewe ndiko kunakotuchanganya.

#3 Mleta uzi

Swali zuri. Chukua mtoto wa miaka minne, sevoflureni 8% kwenye oksijeni, au oksijeni na nitrasi oksaidi. Pumzi za kwanza anakutazama. Ndani ya dakika moja hivi macho yanaanza kuelea, ukigusa kope haijibu. Wengi hapo hudhani kazi imeisha. Ngoja kidogo: mikono inajitupa, kichwa kinageuka, pumzi inakuwa ya haraka na isiyo na mpangilio, mapigo yanapanda, mboni za macho zinaangalia pande tofauti. Hii ndiyo hatua ya msisimko, na ndipo zoloto linapokuwa tayari kujifunga kwa sababu yoyote ndogo. Ukichoma kanula (mrija mdogo wa mshipani) sasa, au ukiingiza mpira wa njia ya hewa, umelialika tatizo.

Kutulia unakokutafuta ni huku: pumzi zinafuatana sawasawa, mboni zimerudi katikati, misuli ya taya imelegea ukiinua kidevu. Hapo ndipo mwenzako achome mshipa. Na barakoa usiiondoe "mara moja tu" kutazama kitu.

Kwa watoto wenye ugonjwa wa Down, mapigo hushuka mara nyingi sevoflureni ikipandishwa haraka. Panda taratibu na atropini, dawa ya kupandisha mapigo, iwe karibu.

#4 Mchangiaji, daktari wa mifugo

Mkuu, nashukuru kwa kututaja na sisi. Kwa upande wa wanyama niseme wazi: mbwa na paka kuwalaza kwa barakoa au kwa kuwafungia kwenye sanduku la gesi ni njia ya mwisho. Mnyama haelewi unachofanya. Anapambana, adrenalini inapanda, anavuta dawa nyingi kwa pumzi za hofu, na wahudumu wote chumbani wanavuta mabaki. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta vifo vinavyohusiana na usingizi kuwa 0.17% kwa mbwa, 0.24% kwa paka na 1.39% kwa sungura. Mbwa waliolazwa kwa gesi pekee walikuwa na hatari kubwa zaidi kuliko waliolazwa kwa sindano. Kwa hiyo mpe dawa ya kumtuliza kwanza, mlaze kwa sindano ya mshipa, weka mpira wa hewa, kisha gesi iendeleze usingizi.

Jambo lingine kwenye utafiti ule: karibu nusu ya vifo vya mbwa, na zaidi ya nusu ya vifo vya paka, vilitokea baada ya upasuaji kwisha, vingi ndani ya saa tatu za kwanza. Watu wanakesha na mnyama mezani, kisha wanamweka chini kwenye blanketi na kwenda kuandika faili.

Sasa sungura. Ukimwekea barakoa ya isoflureni anazuia pumzi mpaka mapigo yanaanguka. Tukadhani sevoflureni, kwa kuwa haina harufu kali, ingemaliza shida hiyo. Haikumaliza. Sungura anazuia pumzi kwa zote mbili. Huyu ndiye anayekuunga mkono kabisa mkuu: jedwali lingekwambia tatizo limeisha.

Ndege ni kinyume chake. Mapafu yake yana vifuko vya hewa, na hewa inapita upande mmoja ikipishana na damu, kwa hiyo anaingia usingizini kwa pumzi chache na kutoka upesi vilevile. Kwake barakoa ya isoflureni ndiyo njia ya kawaida. Lakini hana kiwambo, anapumua kwa kuinua kidari. Ukimshika kifua kwa nguvu umemziba pumzi. Na pete za koromeo lake zimefunga duara zima, hazitanuki, kwa hiyo puto la mpira wa hewa usilijaze.

Kasa na wenzake sahau barakoa. Wanaweza kukaa bila kuvuta pumzi muda mrefu kuliko subira yako, na moyo wao unaweza kuipitisha damu pembeni ya mapafu.

#5 Mchangiaji, mwanafunzi wa usingizi

Dokta, na MAC je? Kipimo cha mbwa kinafanana na cha mtu?

#6 Mleta uzi

Nimjibie dokta hapa. Kinakaribiana kuliko watu wanavyodhani. Isoflureni kwa mtu mzima ni takriban 1.15%, mbwa 1.3%, paka 1.6%, farasi 1.3%. Kipimo chenyewe kilianzia kwa mbwa, Merkel na Eger wakitumia halotheni mwaka 1963. Umri unabadilisha zaidi kuliko aina ya mnyama: sevoflureni kwa mtoto mchanga wa binadamu ni karibu 3.3%, akivuka miezi sita inashuka hadi 2.5%, mtu mzima karibu 2%, na inaendelea kushuka kadiri miaka inavyosonga.

Inayoachana na wenzake ni nitrasi oksaidi. Kwa mtu MAC yake ni 104%, maana yake peke yake haitoshi hata ukimpa hewa yote kuwa hiyo. Kwa mbwa ni karibu mara mbili ya hapo. Ndiyo maana wa mifugo wengi hawaitegemei, na sisi wa watoto tunaitumia kusaidia tu. Ukiifunga mwishoni, mpe oksijeni kamili kwa dakika kadhaa, maana inatoka kwa wingi na kuichukulia oksijeni nafasi mapafuni.

#7 Mchangiaji, mzazi

Wataalamu, samahani kuingilia. Mwanangu wa miaka mitatu alipozinduka baada ya upasuaji mdogo hakunitambua kabisa. Alipiga kelele, akapiga mateke, akataka kung'oa mipira. Niliambiwa "ni dawa tu". Je, dozi ilizidi? Na ubongo wake uko salama?

#8 Mleta uzi

Pole sana mzazi. Ulichokiona kinaitwa mkanganyiko wa kuzinduka. Hakimaanishi dozi ilizidi. Ni jambo la kawaida kwa watoto wa miaka miwili hadi mitano, na hutokea zaidi kwa sevoflureni na desflureni kuliko kwa halotheni. Mtoto macho yamefunguka lakini hayakutazami. Unamwita kwa jina, anakusukuma. Hatulizwi na titi wala wimbo. Kwa kawaida hupita wenyewe, mara nyingi ndani ya nusu saa, na mtoto hakumbuki.

Ila sikubaliani na "ni dawa tu" kama jibu la kumfungia mzazi mdomo. Ulipaswa kuambiwa kabla. Mzazi aliyeandaliwa anamkinga mtoto asijiumize kitandani. Asiyeandaliwa anapata hofu inayobaki naye mpaka nyumbani.

Kwa wataalamu: kipimo cha PAED, kilichochapishwa mwaka 2004, kinaangalia mambo matano. Mtoto anakutazama usoni? Vitendo vyake vina lengo? Anajua yuko wapi? Ametulia? Anabembelezeka? Matatu ya kwanza ndiyo yanayotenganisha mkanganyiko na maumivu, kwa sababu mtoto anayeumwa analia huku anakutazama na kukushika. Usidhani maumivu ndiyo chanzo chote. Watoto waliolazwa kwa sevoflureni kwa ajili ya kipimo cha picha tu, bila hata kukatwa, nao hupata.

Na hapa ndipo kasi inapogeuka kuwa mzigo. Dawa inatoka upesi, mtoto anafunguka macho kabla ubongo haujajipanga, na kama hukumpa dawa ya maumivu inayofanya kazi tayari, anakutana na maumivu na chumba kigeni kwa wakati mmoja. Tiba haiko kwenye kurudi halotheni. Propofoli (dawa ya usingizi ya sindano) kidogo mwishoni mwa upasuaji, au deksmedetomidini ya kutuliza, au fentanili ya maumivu, vyote vimeonyesha kupunguza tatizo. Unanunua dakika chache za kuchelewa kuamka, unapata mtoto aliyetulia. Mimi huo naona ni ununuzi mzuri kila siku.

Kuhusu ubongo: hofu ilianzia kwa wanyama. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa panya wa siku saba waliopewa midazolamu, nitrasi oksaidi na isoflureni kwa saa sita, na seli nyingi za ubongo wao zilikufa. Mwaka 2016 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ikatoa tahadhari kwa watoto walio chini ya miaka mitatu, pale usingizi unapozidi saa tatu au unaporudiwa mara kwa mara. Lakini saa sita kwa panya mchanga ni sehemu kubwa ya maisha yake, huwezi kuzihamishia kwa mtoto wako moja kwa moja. Utafiti uitwao GAS ulilinganisha watoto wachanga waliolazwa kwa sevoflureni kwa muda wa chini ya saa moja na waliochomwa ganzi ya uti wa mgongo wakiwa macho. Walipopimwa wakiwa na miaka miwili, kisha mitano, hawakutofautiana. Upasuaji mdogo wa mara moja usikukoseshe usingizi.

#9 Mchangiaji, daktari wa mifugo

Hilo la kuzinduka ngoja niongeze farasi, maana wengi wa upande wa watoto hawajawahi kuliona.

Farasi ni mnyama wa kukimbia. Akifungua macho na kujikuta amelala, akili yake yote inamwambia asimame. Miguu bado imelegea, kilo mia tano zinanyanyuka, anaanguka, ananyanyuka tena, anaupiga ukuta. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta vifo 1.9% kwa farasi waliolazwa. Ukiwaondoa wenye ugonjwa wa tumbo, 0.9%. Takriban robo ya vifo vya hawa wa pili vilitokana na kuvunjika mifupa. Hakuna binadamu anayekufa kwa sababu alisimama mapema kitandani, ila farasi hufa hivyo.

Sasa mpe farasi dawa inayotoka haraka sana bila kitu kingine uone anavyokurupuka. Tunachofanya ni kumpa dawa ya kutuliza, zailazini au romifidini, kidogo gesi ikishafungwa, ili abaki chini mpaka isoflureni au sevoflureni ipungue mwilini vya kutosha. Akiinuka, anainuka mara moja na anasimama. Chumba chake kiwe na kuta laini, mwanga hafifu, kimya. Tofauti ya isoflureni na sevoflureni kwa farasi naiona ndogo sana ukilinganisha na tofauti ya kumtuliza na kutomtuliza.

Halafu nguruwe. Mnajua hali ya mwili kuchemka na misuli kukakamaa kwa sababu ya dawa za usingizi? Wafugaji waliwahi kutumia halotheni kama kipimo chake. Mtoto wa nguruwe anavutishwa kwa barakoa dakika chache, miguu ikikakamaa anatolewa kwenye uzazi. Aina ya Pietrain ilijulikana sana kwa hili. Chanzo ni jeni iitwayo RYR1, ileile inayohusika kwa binadamu wengi wenye tatizo hili.

#10 Mleta uzi

Na kwa watoto, dokta, hapo hakuna ya afadhali. Halotheni, isoflureni, sevoflureni, desflureni, zote zinaweza kuamsha hali hiyo, na suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli, pia. Ukiona kabonidioksidi ya pumzi inapanda bila sababu, taya limekaza na mapigo yanakimbia, funga gesi, mpe oksijeni kamili kwa wingi, na dantrolini, dawa ya hali hii, miligramu 2.5 kwa kilo. Usingoje joto lipande, joto huchelewa. Muulize kila mzazi kama kuna ndugu aliyefariki au kuugua vibaya kwenye usingizi. Swali hilo halihitaji mashine.

#11 Mchangiaji, mwanafunzi wa usingizi

La mwisho kwangu. Mahali ambapo sevoflureni haipo, kuna halotheni na isoflureni tu, mtoto analazwaje? Na nimesikia vepoiza ya halotheni inaweza kutiwa isoflureni. Ni kweli?

#12 Mleta uzi

Anza na halotheni kwa barakoa, panda taratibu, nusu asilimia kila baada ya pumzi chache, huku mtoto akipumua mwenyewe. Kanula ikishaingia na njia ya hewa ikiwa salama, hamia isoflureni kuendeleza. Hapo harufu haina tena shida, moyo unapumzika na adrenalini ya ganzi haitishi kama mwanzo. Kama mshipa unapatikana bila vita, ketamini au propofoli ya sindano inakuondolea barakoa yote.

Kuhusu vepoiza: mgandamizo wa mvuke wa halotheni na isoflureni kwenye nyuzi 20 unakaribiana sana, takriban 243 na 238 za milimita za zebaki. Kwa hiyo isoflureni ndani ya vepoiza ya halotheni inatoa namba zinazokaribia zilizoandikwa, na ni dawa dhaifu kidogo kwa kipimo. Kifizikia inawezekana. Ila halotheni huwekewa thimoli ya kuihifadhi, inayobaki ndani na kugandisha kitufe, na mwenzako wa zamu ijayo atasoma jina la nje na kuamini. Ikibidi kabisa, ioshwe, ikaushwe, na jina jipya liandikwe kubwa juu yake.

Usikubali hata siku moja halotheni iingie kwenye vepoiza ya sevoflureni. Mvuke wa sevoflureni ni kama 160 tu, kwa hiyo halotheni itatoka nyingi kuliko namba inayosomeka, tena ni dawa yenye nguvu zaidi ya mara mbili. Ukifungua 8% ya kumlaza mtoto kama ulivyozoea, umempa kiasi ambacho moyo wake hautahimili. Vepoiza za sasa zina mdomo wa kujazia unaokubali chupa ya dawa yake peke yake. Ukiona mtu ametengeneza njia ya kuupita mdomo huo, simamisha orodha ya upasuaji mpaka ijulikane ndani mna nini.